Carlo Abarth

Carlo Abarth (jina la kuzaliwa: Karl Albert Abarth; Vienna, Austria, 15 Novemba 1908 – Vienna, 24 Oktoba 1979) alikuwa fundi, mwanamichezo wa pikipiki na mfanyabiashara aliyeanzisha kampuni ya Abarth huko Italia mwaka 1949. Anajulikana hasa kwa kuchukua magari madogo ya Fiat, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida, na kuyaongezea nguvu kwa kubadilisha eksozi, kabureta, pistoni na sehemu nyingine za injini. Nembo ya kampuni yake ni nge, kwa sababu alizaliwa chini ya nyota ya Nge.

Maisha ya awali

Abarth alizaliwa wakati Vienna ilikuwa bado mji mkuu wa Dola la Austria-Hungaria. Ukoo wa baba yake ulikuwa na mizizi Merano, mji wa milimani ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ulihamishiwa upande wa Italia. Ndiyo sababu baadaye alipata uraia wa Italia na kuitwa Carlo badala ya Karl.

Akiwa kijana alijifunza ufundi wa baiskeli na pikipiki, kisha akaingia katika mashindano. Alishinda mara kadhaa tangu mwaka 1928, na mwaka uliofuata alikuwa tayari ameunda pikipiki yake mwenyewe. Baada ya kuumia katika ajali aligeukia pikipiki zenye kigari cha pembeni, ambazo huwa na magurudumu matatu na haziangukii upande kwa urahisi.

Mwaka 1934 alifanya jambo lililomtangaza Ulaya. Alishindana na treni maarufu ya Orient Express kati ya Vienna na Ostend, Ubelgiji, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara za wakati ule. Safari ya kwenda alishindwa kwa sababu ya hitilafu ya umeme katika pikipiki. Hakukata tamaa, akairudia safari kwa njia ya kurudi na kufika kabla ya treni.

Mwaka 1938 alipata ajali mbaya zaidi katika mashindano huko Yugoslavia, akalazwa hospitalini kwa muda mrefu. Mashindano ya pikipiki yakaishia hapo. Miaka ya Vita Kuu ya Pili aliishi Ljubljana, mji ambao leo ni mkuu wa Slovenia, kisha vita vilipokwisha akahamia Merano.

Cisitalia

Abarth alikuwa na uhusiano wa karibu na familia ya mhandisi Ferdinand Porsche. Kwa njia hiyo alifika Torino kwa tajiri Piero Dusio, mwenye kampuni ya Cisitalia, ambaye aliiagiza ofisi ya Porsche imchoree gari la mashindano ya Grand Prix. Abarth akawa msimamizi wa timu ya mashindano. Gari lile lilikuwa la kisasa mno kuliko mfuko wa mwenye kuliagiza: fedha zikaisha, Dusio akaelekea Argentina, na Cisitalia ikaanguka.

Abarth hakuondoka mikono mitupu. Katika kufunga hesabu alipewa magari ya mashindano na vipuri. Tarehe 31 Machi 1949, pamoja na Armando Scagliarini, alisajili kampuni ya Abarth & C. huko Bologna, ambayo muda mfupi baadaye ilihamia Torino. Mwaka uliofuata Tazio Nuvolari, dereva aliyependwa kuliko wote Italia wakati huo, aliendesha gari la Abarth katika mbio za kupanda mlima Pellegrino karibu na Palermo akawa wa kwanza katika daraja lake. Huo ulikuwa ushindi wa mwisho wa Nuvolari.

Biashara ya eksozi

Sifa za mbio hazikulipa mishahara. Kilicholipa kilikuwa eksozi. Italia baada ya vita ilikuwa nchi maskini, na kijana aliyeweza kununua gari alinunua dogo lenye nguvu kidogo. Abarth alitambua kwamba mtu huyo hana uwezo wa kununua gari la mashindano, lakini anaweza kununua kipande kimoja kitakacholifanya gari lake liwe tofauti na la jirani.

Injini ni kama mtu anayekimbia: lazima avute pumzi na aitoe. Moshi ukizuiwa kutoka, sehemu yake hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Sailensa ya Abarth iliruhusu moshi kupita kwa urahisi zaidi, na ikatoa mlio mzito ambao wanunuzi waliupenda. Ni haki kusema kwamba eksozi peke yake huongeza nguvu kidogo tu. Wengi walinunua mlio. Hata hivyo zilitengenezwa kwa aina nyingi sana za magari na kuuzwa katika nchi nyingi, na mapato yake ndiyo yaliyogharamia kazi kubwa zaidi ndani ya injini.

Fiat 600 na Fiat 500

Kazi hiyo ilianza hasa Fiat ilipotoa gari la 600 mwaka 1955. Injini yake ya silinda nne ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 633 na nguvu ya farasi 21 hivi. Abarth alipanua silinda kutoka kipenyo cha milimita 60 hadi 61, jambo dogo. Lakini aliweka pia krenki mpya iliyoongeza mwendo wa pistoni kutoka milimita 56 hadi 64. Ujazo ukafika 747. Akaongeza mgandamizo, akaweka kabureta kubwa zaidi ya Weber na eksozi yake mwenyewe, na nguvu ikakaribia maradufu: farasi 40 hivi. Mabadiliko haya yalitegemeana. Kabureta kubwa bila njia nzuri ya moshi ni kupoteza petroli tu.

Fiat 500 iliyotoka mwaka 1957 ilikuwa na farasi 13 tu, na mwanzoni iliuzwa vibaya. Februari 1958 Abarth alipeleka gari la aina hiyo, lililoongezewa nguvu hadi farasi 26, katika uwanja wa Monza. Madereva walipokezana usiku na mchana kwa siku saba. Gari lilikwenda kilomita 18,186 kwa wastani wa kilomita 108 kwa saa, likavunja rekodi sita za kimataifa. Kwa Fiat hilo lilikuwa tangazo kubwa, na kampuni hiyo ikakubali kumlipa Abarth kwa kila ushindi na rekodi aliyopata kwa magari yake.

Mwaka 1963 ilifuata 595, yenye silinda zilizopanuliwa na nguvu ya farasi 27. Vipuri vyake viliuzwa pia ndani ya sanduku la mbao, fundi wa mtaani akavifunga katika gari la mteja. Magari ya mbio ya aina ya 850 TC na 1000 TC yalionekana yakikimbia na kifuniko cha injini kimeachwa wazi nyuma. Watu walidhani ni madaha, kumbe injini ilihitaji kupoozwa.

Tarehe 20 Oktoba 1965, akikaribia miaka 57, Abarth mwenyewe alikaa katika gari la kiti kimoja huko Monza na kuweka rekodi za kuongeza mwendo. Ili aweze kuingia katika gari hilo jembamba alipunguza uzito wa kilo 30 hivi, akila zaidi matofaa.

Miaka ya mwisho

Malipo ya Fiat kwa kila ushindi yalimfanya Abarth ashinde sana, lakini pia yalimfunga kwa mteja mmoja. Gharama za kuunda magari mapya ya mbio zilizidi kupanda, na mwaka 1971 aliiuzia Fiat kampuni yake. Timu ya mbio ilichukuliwa na Enzo Osella, nayo karakana ikageuzwa kuwa idara ya mashindano ya Fiat. Gari lake la 131 Abarth lilishinda ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji miaka ya 1977, 1978 na 1980. Katika Safari Rally ya Kenya ya 1979, iliyoshindwa na Shekhar Mehta, Markku Alén alilifikisha katika nafasi ya tatu.

Abarth alirudi Vienna, akafariki huko mwaka huohuo wa 1979, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 71. Fiat ililirudisha sokoni jina la Abarth mwaka 2007, na nge yuleyule kwenye nembo.