Rureke wa Bese, mzee aliyebeba hadithi ya conga ya Mwindo

Mwaka 1956, ndani ya kijiji cha Bese katika nchi ya Wanyanga, mwanaume mmoja alisimama mbele ya umati na kuanza kusimulia. Alisimulia siku 12. Alikuwa anaimba, anacheza, anaiga mwendo na sauti ya kila mtu wa hadithi. Njuga zililia miguuni, kibuyu cha kutikisa kililia mkononi, na vijana wasaidizi wakapiga mti mkavu ili kumpa mdundo. Watu waliitikia nyimbo, wakamtunza zawadi. Ikifika jioni, sauti yake ilikuwa imekauka na mwili umechoka. Kesho yake aliendelea pale alipoachia.

Jina lake lilikuwa Candi Rureke. Watu walimwita pia Shé-Karisi. Kwa Wanyanga, karisi ni hadithi ndefu ya shujaa, na pia ni jina la roho mwenye anaaminiwa kumchagua mtu wa kuisimulia. Si kila mtu aliweza kuamka asubuhi na kusema leo nasimulia Mwindo. Mtu aliifunza kwa kumfuata msimulizi mkubwa, akimsaidia kupiga mti na kuitikia nyimbo, miaka na miaka, mpaka maneno yaingie ndani. Kwa njia hiyo njo Rureke alipata hadithi yake.

Kwa kawaida hadithi hii ilisimuliwa vipande vipande: leo kipande kimoja, siku ingine kipande kingine. Mwaka ule, Mbelgiji Daniel Biebuyck, mtafiti wa mila, alimuomba aitoe yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Rureke akakubali. Maneno yake yaliandikwa kwa mkono, siku baada ya siku.

Ni hadithi gani hiyo? Vijana wenye wanaangalia filamu wanajua habari za upanga wenye laana, ule unaoua maadui kisha unamgeukia mwenye kuushika. Wazee wa Walikale walikuwa na chombo chao, lakini hakikuwa upanga. Ni conga: mkia wa mnyama, kama vile nyati, uliofungwa kwenye mpini wa mti. Kwa macho ni kama kitu cha kufukuzia inzi. Mkononi mwa Mwindo, kilikuwa kinafufua watu.

Rureke alisimulia kwamba mwami Shemwindo wa Tubondo aliwakataza bibi zake saba kuzaa mtoto mwanaume, akizaliwa, atauawa. Mwindo akazaliwa kupitia kidole cha mama yake, akiwa tayari anatembea na kusema, conga mkononi. Baba yake alimrushia mkuki, haukumpata. Akamzika, mtoto akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikamfikisha kwa shangazi yake, Iyangura.

Toka pale, Mwindo alirudi Tubondo kwa vita, pamoja na wajomba zake. Kijiji kikaungua kwa moto wa Nkuba, radi ya mbinguni. Baba akakimbilia chini ya ardhi, kwa Muisa. Mwindo akamfuata, lakini hakushuka peke yake: alimwachia shangazi ncha moja ya kamba. Kamba ikiacha kutikisika, Iyangura atajua kwamba mtoto amekufa. Kule chini Mwindo alipigwa mpaka akaanguka, na conga ikamwinua tena.

Aliporudi na baba yake, hakumuua. Iyangura alimuomba kwanza awafufue watu wa Tubondo. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Kila mtu alirudi kwenye hali yake: aliyekufa na mimba akafufuka na mimba, aliyekufa akisonga bukari akafufuka akiendelea kusonga. Kisha Shemwindo akakiri kosa lake mbele ya watu wote, na Mwindo akatawazwa.

Hadithi nyingi za mashujaa zingeishia hapo. Rureke aliendelea. Mwindo, akiwa sasa mwami mwenye nguvu, aliua joka la msituni, Kirimu, lililomeza wawindaji wake Wambuti. Kumbe joka lilikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, huyu huyu aliyemsaidia vitani. Nkuba akashuka, akamchukua juu mbinguni, akamweka huko mwaka mzima. Mvua ilimpiga, mvua ya mawe ikampiga, Jua likamchoma. Kule juu majivuno yake hayakumsaidia kitu. Conga yenye ilimuokoa kwa Muisa haikumuokoa kwa hukumu hii. Alikatazwa kuua tena wanyama.

Mwindo aliporudi duniani, hakurudi na vita. Alirudi na sheria. Mulime vyakula vya aina nyingi. Mukae katika nyumba nzuri. Musigombane, musitamani bibi ya mwenzenu, musicheke kilema anapopita kijijini. Mwami amuheshimu raia, na raia wamuheshimu mwami. Hizo njo maneno ambayo Rureke aliwaachia watu wa Bese, siku ya 12.

Biebuyck alifasiri maneno hayo pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga na mtaalamu wa lugha. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, pamoja na maandishi ya Kinyanga yenyewe. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine, chenye hadithi zingine za Mwindo toka kwa wasimulizi wengine. Hadithi ya Rureke inasomwa leo katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Rureke mwenyewe amekwisha kwenda zamani. Toka Masisi mpaka Walikale, vijiji vingi vimehama na kurudi na kuhama tena, na jioni za kukaa pamoja siku 12 zimekuwa haba. Kitabu kinahifadhi maneno, lakini hakipigi mti mkavu, wala hakiitikii wimbo. Wazee wenye wanakumbuka bado nyimbo za karisi wapo, ndani ya vijiji na ndani ya kambi za wakimbizi wa ndani. Kinachobaki ni kijana wa kukaa karibu yao, ashike mti, aitikie.