Tsvet, Mtu wa Rangi

Bila shaka wengi wenu mmewahi kudondosha wino kwenye karatasi ya chujio maabarani mkaona rangi zikiachana. Mimi nilidhani ni mchezo tu. Kumbe mwanzilishi wa njia hiyo alikufa kabla ya kuheshimiwa!

Mikhail Tsvet alizaliwa mwaka wa 1872 mjini Asti, Italia. Baba yake alikuwa Mrusi. Mama yake alifariki yeye akiwa angali mchanga. Alisomea Uswisi, akapata shahada ya udaktari Geneva mwaka wa 1896. Alipokwenda Urusi aliambiwa ati shahada ya ugenini haitambuliwi. Ikabidi aanze upya, kama mtu aliyerudishwa darasa! Hakukata tamaa, akapata shahada nyingine Kazan mwaka wa 1901.

Akiwa Warsaw, alitaka kujua rangi zilizomo ndani ya majani. Alishindilia unga wa chaki katika mrija wa kioo, akamimina rangi ya majani iliyoyeyushwa, kisha akaongeza kiowevu safi. Rangi iliyonata sana kwenye unga ilibaki juu, isiyonata ikashuka mbio. Mara zikaonekana pete za kijani na manjano! Mwaka wa 1906 aliiita njia hiyo kromatografia, yaani kuandika kwa rangi. Na jamani, jina Tsvet kwa Kirusi maana yake ni rangi!

Wanakemia wengi walimpuuza. Vita vikamfukuza Warsaw mwaka wa 1915, akahangaika huku na huko, akafia Voronezh mwaka wa 1919 akiwa na miaka 47 tu.

Mwaka wa 1931 wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, waliifufua njia yake. Mwaka wa 1941 Waingereza Martin na Synge walijaza mrija wao silika jeli iliyoshika maji. Silika hii si tabia ya mtu, bali ni jamaa ya mchanga. Ndiyo ile ya vipakiti vidogo ndani ya sanduku la viatu vipya. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1952. Leo dawa nyingi za hospitali hupimwa kwa mirija iliyojazwa silika laini sana.

Wenzangu, ukidharauliwa kwa kazi njema, usiitupe. Wahenga walisema kawia ufike. Tsvet mwenyewe hakufika, lakini kazi yake imefika hadi maabara yetu.