Henri Pélissier

Henri Pélissier (22 Januari 1889 – 1 Mei 1935) alikuwa mwendesha baiskeli kutoka nchini Ufaransa aliyeshinda mbio za Tour de France mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 34.

Alizaliwa mjini Paris. Alikuwa hodari lakini mgomvi, hasa kwa Henri Desgrange, mwanzilishi wa mbio hizo na mhariri wa gazeti la L'Auto, aliyedai kwamba Pélissier hajui kuvumilia mateso. Ushindi wake uliwasahaulisha watu hayo kwa muda. Wabelgiji walikuwa wameshinda mara saba mfululizo tangu 1912, hivyo mashabiki wa Paris walimshangilia kama shujaa. Hata Desgrange alimsifu gazetini.

Mwaka 1924 alijitoa mashindanoni mjini Coutances kwa sababu ya kanuni iliyokataza kutupa jezi njiani. Hapo alimweleza mwandishi Albert Londres kuhusu kokeini na dawa nyingine walizotumia waendesha baiskeli.

Mkewe, Léonie, alijiua kwa bastola mwaka 1933. Miaka miwili baadaye Pélissier aliuawa kwa bastola hiyohiyo na mwenzi wake, Camille Tharault, katika ugomvi wa nyumbani. Mahakama ilimpa mwanamke huyo kifungo cha nje cha mwaka mmoja.