DAKTARI MATTHEW LUKWIYA: KIONGOZI ALIYEBAKI NA WAUGUZI WAKE



Mara nyingi baada ya ibada tunasikia malalamiko juu ya wauguzi: huyu ni mkali, yule hataki kumgusa mgonjwa. Kabla hatujawahukumu, tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtumishi mmoja wa nchi hii iliyotupokea.

Matthew Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, muuza samaki, alikufa maji Matthew angali mtoto, na mama alifanya biashara ndogo ndogo. Kijana alisoma kwa bidii hata akawa daktari. Mwaka 1983 aliingia Hospitali ya St. Mary's Lacor, karibu na Gulu. Alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Kikatoliki, wala hilo halikumzuia kuwa mganga mkuu wake.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989 waasi walikuja kuwateka wauguzi. Daktari akajitoa achukuliwe yeye badala yao. Alikaa porini yapata juma moja, ndipo wakamwachilia. Neno la kiongozi wa namna hiyo huwa na uzito.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala. Akaitwa: kuna ugonjwa wa ajabu, na wanafunzi wa uuguzi wamekufa. Alirudi upesi, akapitia mafaili ya wagonjwa, akashuku Ebola, akatoa taarifa serikalini bila kukawia. Alitayarisha wadi ya kutenga wagonjwa, akahakikisha wauguzi wanavaa magauni, glavu na barakoa, naye mwenyewe akawa anaingia humo pamoja nao.

Hata hivyo wauguzi waliendelea kufa. Mwishoni mwa Novemba waliobaki walivunjika moyo, wakakataa kuingia zamu. Daktari alikutana nao wote. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, lakini yeye atabaki. Walizungumza kwa muda mrefu, kisha wakarudi kazini.

Siku chache kabla ya hapo, usiku, alikuwa amekimbia kumsaidia muuguzi mmoja aliyekuwa mahututi. Alivaa gauni, glavu na barakoa, ila macho hakuyafunika. Daktari Matthew alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Wafanyakazi 13 wa Lacor walikufa, yeye akiwa mmoja wao. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua, na 224 wakafa.

Wengi wetu tulivuka mpaka pale Mpondwe, na tunaijua Bwera na Kasese. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alipelekwa Hospitali ya Kagando, kisha Bwera, akiwa na Ebola. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki. Lakini hakuna muuguzi wa Uganda aliyeambukizwa. Haikuwa bahati. Kabla ya siku hiyo wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 nchini walikuwa wamechanjwa, na Bwera ilikuwa imekwisha kuandaliwa mahali pa kuwatibu.

Ndugu zetu, tunajifunza nini? Muuguzi hufanya kazi vizuri akiwa na mambo mawili: kiongozi anayesimama naye penye hatari, na vifaa vya kumlinda. Moyo wa Daktari Matthew uliwarudisha wauguzi kazini, lakini moyo peke yake haukuyakinga macho yake. Na vifaa vikiwepo, kiongozi akakosekana, nani atathubutu kuingia?

Basi tukimkuta muuguzi amekasirika, tuulize kwanza: je, ana glavu? Wako wangapi zamu hii? Mkubwa wake amemtembelea lini? Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa tujiulize kama kondoo wanatuona siku ya hatari, au siku ya sadaka tu.

Tuwaombee wauguzi wetu na wanaowaongoza. Mungu awabariki.