Hermann Rorschach: Daktari wa Madoa ya Wino Aliyededi Kabla Jina Kuvuma

Msimu wa mvua huku Mwiki, ukuta wa keja ukianza kuota madoa, mmoja ataona popo, mwingine aone wasee wawili wakisalimiana. Na doa ni lile lile. Kuna daktari alijenga kazi yake juu ya hiyo kitu.

Hermann Rorschach alizaliwa Zürich, Uswizi, 8 Novemba 1884. Buda yake alikuwa mwalimu wa kuchora. Shuleni mabeshte walimbandika jina Klex, yaani doa la wino, juu ya ule mchezo wa kudondosha wino kwa karatasi, unakunja, unafungua ucheki imetoa nini. Mathe alifariki akiwa na miaka 12, buda akafuata akiwa 18. Sanaa ilimvuta, lakini akaenda udaktari.

1910 akamuoa Olga, Mrusi aliyesomea udaktari pia. Mwaka huo huo, huku Nairobi, mkoloni alifungua ile hospitali tunaita Mathari. Enzi hizo mgonjwa wa akili alifungiwa zaidi ya kutibiwa. Rorschach yeye aliwapea wagonjwa wake rangi wachore, na akawaletea tumbili wa kuwachangamsha. Manze!

Baadaye, kwa hospitali ya Herisau, akaanza kuwaonyesha watu madoa na kuwauliza wanaona nini. Alipima watu 405, wagonjwa na wazima. Popo ama kipepeo haikumsumbua sana. Alifuata venye mtu anaona. Anachukua doa lote ama kakona tu? Anaona kitu ikisonga? Rangi ndio alihusisha na hisia. Mtu anabonga poa kwa kadi nyeusi, akipewa yenye nyekundu ananyamaza ghafla: hapo kuna kitu.

Wachapishaji kadhaa walimkataa, picha zilikuwa ghali. Kitabu kilitoka 1921 na kadi 10: tano nyeusi na kijivu, mbili zimeongezwa nyekundu, tatu rangi kibao. Hakikununuliwa sana.

Halafu tumbo ikamuuma karibu wiki nzima. Alikuwa daktari, na bado alichelewa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alidedi 2 Aprili 1922, miaka 37, akaacha watoto wawili wadogo.

Marekani ikazishika hizo kadi, zikafika mpaka kortini, na ubishi ukaanza: wanasaikolojia wengine wanasema zinaweza kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Mwenyewe aliichukulia kama jaribio, kazi bado iko jikoni. Kitabu chake kilikuwa hakijamaliza hata mwaka.