Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, Msimamizi wa Misioni

Katika jubilei hii twawakumbuka mapadre na makatekista waliotuletea Injili kwa miguu. Basi na tumkumbuke pia mtawa mmoja ambaye hakukanyaga Usukuma kamwe, lakini Kanisa lamwita msimamizi wa misioni.

Theresia Martin alizaliwa Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 4. Alipopata miaka 14 alitaka kuingia utawa wa Karmeli mjini Lisieux, wakubwa wakamwona mdogo mno. Akaenda Roma, akapiga magoti mbele ya Papa Leo XIII, akamwomba ruhusa. Tarehe 9 Aprili 1888 akafunguliwa mlango wa Karmeli, akaingia, asitoke tena.

Watawa hao hawafundishi shule wala hawahubiri. Tangu Mtakatifu Teresa wa Avila alipoanza kuutengeneza upya utawa huo mwaka 1562, kazi yao ni kusali, kunyamaza na kufanya kazi za mikono, kwa ajili ya Kanisa zima. Theresia alifua, alifagia, alivumilia baridi na udhia wa kila siku, akayatoa yote kwa upendo. Ndiyo njia yake ndogo.

Mwaka 1895 alipewa mseminari, Maurice Bellière, awe ndugu yake wa kiroho, amwombee. Kijana huyo alijiunga na Mapadre Weupe, shirika lile lililofika Usukuma. Mwaka 1896 Theresia akaanza kutema damu kwa kifua kikuu. Tena moyo wake ukaingia giza, hata mbingu ikawa kama haipo. Lakini hakuacha kusali. Naye akiwa dhaifu alitembea bustanini, kila hatua akimtolea Mungu kwa ajili ya mmisionari fulani aliyechoka mbali.

Tarehe 29 Septemba 1897 Bellière alipanda meli kwenda Afrika. Kesho yake Theresia akafariki, umri wake miaka 24. Bellière akawa padre, akatumwa Nyasa.

Papa Pius XI alimtangaza Theresia mtakatifu mwaka 1925. Mwaka 1927 akamweka msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyevuka bahari nyingi.

Basi, mzee wa Bariadi asiyeweza tena kufika kanisani, na mama apaliliaye pamba juani, wasiseme hawana cha kulitolea Kanisa. Nasi walimu, tunapochoka njiani, tujue kwamba yuko mtu anayetuombea.