Mboya na Njia ya Kurudi Kwao

Mtu ni kwao, hata akizaliwa ugenini. Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge la walowezi ambako baba yake alifuata mshahara. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga. Ujana wake ulipita katika shule za misheni za Kabaa, Yala na Mang'u. Mwaka 1953 akaongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1957 wapiga kura wa Nairobi, si wa Rusinga, wakamtuma katika Baraza la Kutunga Sheria. Na mwaka 1959 juhudi zake zikawapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege.

Risasi ya tarehe 5 Julai 1969 ilimkuta Nairobi, akiwa waziri mwenye umri wa miaka 38. Ndipo aliporudi Rusinga kukaa, kaburini.

Ndugu msomaji, kutoka Magunga hadi Mbita vijana wangali wakifuata mshahara mbali. Na waende, kwani riziki haina mpaka. Lakini tusiwe watu ambao kwao huwapokea siku ya mazishi tu. Njia ya kurudi hupitika mtu angali hai.